Sentimita Kumi na Tano

Aliyenikosa wiki iliyopita nampa kwa ufupi tu, maana kuyarudia haya hata mimi kunanichoma.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Wauza chai na mayai ya kuchemsha kumi na wanane, akiwamo dada yangu wa tumbo moja, walinipa kazi ya kuwaundia matoroli mapya kufuata sheria ya manispaa: upana sentimita tisini, sinki mbili, tangi la maji lenye bomba, ndoo ya taka yenye mfuniko, magurudumu yenye breki, na mtungi wa gesi ndani ya kabati lake, umetengwa na jiko kwa bati zito. Nikiwa katikati ya kazi, tarishi wa manispaa akaniletea mchoro mwingine. Upana umeshuka hadi sabini na tano, ili waenda kwa miguu wapate pa kupita. Mimi vyuma nilikuwa nimeshavikata vyote. Nikaukunja ule mchoro, nikautia chini ya sanduku la vifaa, nikaendelea kuchomelea kama mtu ambaye hajaona kitu.

Siku ya ukaguzi matoroli yote kumi na nane yakakataliwa. Mkaguzi akanigeukia mbele ya watu wote, akauliza: "Fundi, mchoro mpya ulikufikia au haukukufikia?"

Hapo ndipo nilipowaacha.

Nilijibu hivi: "Haukunifikia."

Neno moja tu. Sikukohoa, sikumeza mate. Lilitoka laini kama limepakwa mafuta.

Mkaguzi huyo sote tunamwita Bwana Futi, kwa sababu futi yake ya chuma haimtoki kiunoni. Wapo wanaosema hata kitanda alikipima kwanza ndipo akaoa. Akaigonga futi yake kwa kidole.

"Una hakika?"

"Bwana mkubwa, ningekuwa nao, ningeunda matoroli ya tisini ili iweje? Mimi mwehu?"

Watu wakaguna. "Ee, kweli bwana. Kweli."

Dada akatoka mstarini. Wateja wanamwita Mama Chai, lakini kwangu mimi ni zaidi ya dada. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa bado naota meno. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni huku akiuza chai, na ndiye aliyenishika mkono akanipeleka karakana ya watu nikajifunze kazi.

"Bwana mkaguzi," akasema, mkono kiunoni, "huyu nimemlea mimi. Uongo haujui. Muulizeni huyo tarishi wenu."

Tarishi akaitwa. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, ana kawaida ya kukohoa kidogo kabla ya kusema.

"Nilimpa mkononi! Alikuwa amevaa miwani ya kuchomelea, akaipandisha kwenye paji la uso, akaupokea, akaniambia 'asante mzee.' Haki ya Mungu tena!"

Kila alichosema kilikuwa kweli. Hata ile asante.

Watu wakamcheka. "Mzee, mchoro wetu umefungia karanga!" Akaondoka pale uwanjani kofia mkononi, bila kuaga. Kesho yake nikasikia ameambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Hajaitwa hadi leo.

Ninyi mnaonisoma mnaweza kudhani roho iliniuma. Iliniuma, ndiyo. Lakini sitawadanganya tena: kwanza ilitua.

Bwana Futi akatupa siku nne.

"Ijumaa saa nne niko hapa. Toroli litakalozidi hata kwa unene wa kucha, haliingii barabarani."

Sasa, toroli si suruali useme utakunja pindo. Kupunguza sentimita kumi na tano ni kulipasua toroli katikati kwa mashine, kutoa kipande, kurudisha pande mbili pamoja na kuziunga upya. Sinki nilizisogeza. Tangi nililihamishia juu. Ndoo ya taka niliitundika ubavuni. Kila kitu kilikubali kubanwa isipokuwa kimoja.

Mtungi wa gesi haukatwi.

Nilifunga mlango wa karakana, nikauchomoa ule mchoro chini ya sanduku. Nikauona ujanja wa aliyeuchora: kabati lile ni la mtungi mdogo. Lakini wauza chai wote wana mitungi mikubwa, kwa sababu mdogo haufiki hata adhuhuri. Ilinipasa niwaambie wabadilishe. Wangeniuliza, "Nani kasema?" Wangetaka kuuona mchoro. Na kwenye kona ya chini ya mchoro kulikuwa na muhuri, na ndani ya muhuri kulikuwa na tarehe. Wiki tatu kabla ya ukaguzi.

Kuwaonyesha mchoro ilikuwa ni kujionyesha mwenyewe.

Nikakaa juu ya ndoo, nikalitazama kabati. Kati ya mtungi na jiko lilisimama lile bati zito, na pande zake zote mbili kuna nafasi ya vidole vinne ili joto lipotee humo. Ukilitoa bati, na zile nafasi zikamezwa, mtungi mkubwa unaingia kama mguu kwenye soksi.

Nikalitoa.

Toroli la dada lilikuwa la kwanza. Alipokuja kulichukua, wapita njia wakiwa wamesimama mlangoni kutazama, alilizunguka, akaligonga gonga ubavuni kama anayechagua tikiti, kisha akainama akafungua kabati.

"Mdogo wangu, na lile bati la katikati?"

"Lipi?"

"Lile zito. Si ulisema likiwapo, hata jiko likasirike vipi mtungi hausikii?"

"Sheria mpya imelifuta."

"Imelifuta?"

"Dada, fundi ni mimi au ni wewe?"

Akalifunga kabati. Halafu akacheka. "Haya fundi, usinipige na nyundo." Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo, akangoja mpaka nikamaliza, ndipo akaondoka akilisukuma toroli lake.

Wengine kumi na saba hawakuniuliza kitu. Walitazama upana tu, kwa sababu ndio uliowatia hasara. Kabati la gesi nililifunga vizuri, nikalipaka rangi mpaka kwenye bawaba.

Ijumaa saa nne Bwana Futi akafika, na nyuma yake gari la mkuu wake lenye haraka zake. Matoroli yalipangwa mstari mmoja, meupe, yanang'aa. Akaanza na la dada. Akanyoosha futi.

"Sabini na tano."

Akapima urefu. Akakanyaga breki. Akafungua bomba, maji yakatoka. Akafunua ndoo, akafunika. Kisha akainama, akashika kitasa cha kabati la gesi.

Nikarudi nyuma hatua moja.

Kule kwenye gari mkuu wake akapiga honi, ndefu, ya mtu aliyechoka kungoja. Bwana Futi akageuza shingo. Akaachia kitasa. Akatia alama kwenye karatasi yake, akabandika stika, akaenda kwenye toroli la pili. Kuanzia hapo hakuinama tena. Alipima upana, akatia alama zote kwa mkupuo mmoja, akabandika stika. Upana, alama, stika. Kumi na nane.

Wauza chai walinibeba juu juu. "Fundi wetu! Fundi wetu!" Mmoja alinifuta jasho kwa kanga yake. Na mimi nilicheka nao, jamani. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, maana niliona jambo limekwisha, na hakuna aliyeumia isipokuwa tarishi mmoja ambaye hata hivyo alikuwa karibu kustaafu.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Niliandika nitasema kweli, na hiyo ndiyo kweli.

Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye toroli la dada, kikombe mkononi, kama kila siku kabla ya kufungua karakana. Foleni ilikuwa ndefu. Ile stika ilimletea wateja. Watu wanapenda kula mahali penye muhuri.

"Ongeza moto, Mama Chai, tunachelewa kazini!"

Akaongeza moto.

Harufu ilinifikia kabla sijaona kitu. Mpira. Harufu ya mpira unaoanza kuiva. Nikajua mara moja ni ule mpira wa gesi utokao kwenye mtungi, na kwa nini unaiva, maana nilipajua pale ndani kuliko mtu yeyote duniani. Nilitaka kusema, "Dada, zima." Mdomo ulifunguka. Sauti haikutoka.

Moto ukaruka nje ya kabati kwa mlio wa *fuuu*, ukalamba upande mzima wa toroli. Watu wakatawanyika, vikombe vikalia chini. Dada hakukimbia. Aliitazama ile foleni, akautazama ule moto, na nadhani aliuona mtungi ukipasuka katikati ya watu wale. Akaingiza mikono yote miwili ndani ya kabati, akakitafuta kichwa cha mtungi, akakizungusha.

Alikuwa anapiga kelele, lakini alikizungusha.

Na mimi? Mimi nilisimama. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu, na chai haikumwagika hata tone.

Aliyekuja mbio ni muuza gesi. Tunamwita Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno lake. Kila anapobadilisha mtungi husema, "Taratibu jamani, hii ni gesi," na kila siku watu humcheka. Alilowesha gunia kwenye tangi la toroli la jirani, akamfunika dada mikono, akamvuta nyuma. Kisha akarudi kwenye moto, akauchomoa mtungi kwa mikono yake, akauviringisha hadi katikati ya barabara tupu, akaumwagia maji mpaka ukaacha kufuka.

"Taratibu jamani! Rudini nyuma! Taratibu!"

Siku hiyo hakuna aliyemcheka.

Dada akapelekwa hospitali. Nilitaka kupanda naye kwenye gari, muuguzi akanisukuma. "Baki. Nafasi ya mmoja tu." Mwenzake mmoja wa chai akapanda. Mimi nikabaki na toroli jeusi.

Bwana Futi alifika mchana na askari wawili. Alipiga magoti kwenye maji ya masizi bila kujali suruali yake. Akachungulia ndani ya kabati. Akaingiza mkono, akapapasa huku na huku. Mkono ukatoka mweusi hadi kiwikoni.

"Fundi, hebu sogea."

Nikasogea.

"Hapa kwenye mchoro pana bati. Liko wapi?"

Nikayatazama yale maji ya masizi.

"Ijumaa nilikagua mwenyewe," akasema kwa sauti ya chini, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Tukatazamana. Yeye alijua hakulifungua lile kabati, na mimi nilijua kwamba anajua. "Nilikagua, nikatia alama, nikabandika stika. Kwa hiyo Ijumaa bati lilikuwapo. Si ndivyo, fundi?"

Alinifungulia mlango, na mimi nikaingia mzima mzima.

"Ndivyo. Nilipokabidhi lilikuwapo."

Askari mmoja akatoa daftari. "Tangu hapo nani anafungua kabati hili?"

Ningeweza kusema ni mimi. Ningeweza kusema sijui. Hata kusema sijui kungekuwa na nafuu.

"Muuza gesi," nikasema. "Anayebadilisha mitungi ni yeye."

Taratibu alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, anajimwagia maji kwenye mkono uliobabuka. Akainua kichwa.

"Fundi?"

Askari wakamfuata na pingu. Wakamwinua. Alipopita mbele yangu aliniangalia kama mtu anayemtafuta mwingine nyuma yangu, aliyesema lile neno.

"Na yale mengine kumi na saba?" Bwana Futi akaniuliza.

"Yako sawa."

"Basi yasimame kwanza mpaka polisi wamalize. Ikionekana ni kosa la mtu mmoja, yatarudi barabarani. Ikionekana ni toroli lenyewe..." Hakumaliza. Akajipangusa mkono kwenye suruali, ikazidi kuchafuka.

Usingizi wa siku hiyo msiniulize.

Asubuhi yake mke wangu alinifuata karakana. Si mtu wa kufika huko. Anasema moshi wa vyuma unamkaba. Akasimama mlangoni, kitenge mabegani.

"Baba watoto, yale mabati nyuma ya ukuta nimeyahesabu."

"Mabaki yale."

"Yako kumi na nane."

Nikajifanya natafuta koleo.

"Mabaki gani yana vipimo sawa, na kila moja lina matundu manne ya skrubu? Nimeolewa na fundi mwaka wa kumi na tatu huu. Bati la mabaki nalijua na bati lililochomolewa nalijua."

"Punguza sauti."

"Nipunguze sauti? Wanao wanakula mayai kwenye yale matoroli wakienda shule! Kila asubuhi wanasimama pale, vimo vyao ni sawasawa na lile kabati!" Akaziba mdomo kwa mkono. Aliporudi kusema, sauti ilikuwa imepoa, na ikanitisha zaidi. "Nenda hospitali ukamwambie dada yako kwa mdomo wako. Ukitoka kwake, nenda polisi. Usipokwenda wewe, nitakwenda mimi na bati moja kichwani, mji mzima unione."

Nikaenda. Hilo mnihesabie, kama lipo la kunihesabia.

Njiani nilikuwa najisemea maneno kama mtoto anayetumwa dukani. Dada, bati nililitoa mimi. Dada, mchoro ulinifikia. Dada, tarishi hakusema uongo. Dada, Taratibu hakugusa kitu. Nilipofika geti la hospitali nilikuwa nimeyapanga yote, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ukaguzi niliona kifua kimefunguka kidogo.

Nje ya jengo la wagonjwa niliwakuta wale wauza chai kumi na saba wamekaa kwenye nyasi, wanangoja saa ya kuona wagonjwa. Mmoja akainuka akanishika bega.

"Pole, fundi. Dada yako ni jasiri. Tukirudi kazini tutamchangia. Wewe utuombee tu turudi upesi, nyumbani kumekauka."

Nikaitikia kwa kichwa nikapita.

Wodi ya majeraha ya moto ina harufu yake. Dada alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Mikono yake ilikuwa mabonge mawili meupe, imewekwa juu ya mito kama vitu vya mtu mwingine alivyopewa kuvitunza. Nyusi zilikuwa zimeungua. Aliponiona akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Umekuja. Umekula?"

"Dada, nina jambo."

"Umekula au hujala?"

"Sijala. Dada, nina jambo la kukwambia."

"Jambo lako litangoja. Kwanza msikilize afande."

Hapo ndipo nilipomwona yule askari wa daftari, amekaa kwenye kiti nyuma ya mlango wa kabati la dawa, kofia magotini. Akakohoa, akafungua karatasi, akasoma kama anayesoma bei za sokoni.

"'Mimi, mwenye toroli lililoungua, nakiri kwamba siku ya Jumamosi nilitoa kwa mikono yangu mwenyewe bati lililotenganisha mtungi na jiko, ili nipate nafasi ya ndoo. Muuza gesi hakuhusika. Fundi aliyeliunda toroli hakuhusika.' Ndivyo ulivyosema, mama?"

"Ndivyo."

"Dada, unasema nini?"

"Nasema yaliyokuwa."

"Uelewe mama," askari akaendelea, "leseni itafutwa, na kesi itafika mahakamani. Kuhatarisha maisha ya watu si jambo dogo. Hakimu anaweza kuihurumia hali yako, anaweza asiihurumie."

"Nimeelewa, mwanangu. Hebu niitie muuguzi, hii bandeji inanibana."

Askari akatoka. Dada akangoja mpaka mlio wa viatu vya askari ukapotelea ujiani.

"Nilijua tangu siku ile uliponiuliza fundi ni nani," akasema, taratibu, bila hasira yoyote, na afadhali angekuwa nayo. "Mimi ndiye niliyekufundisha kusema. Nisijue ukidanganya?"

"Kwa nini hukukataa? Kwa nini ulilichukua?"

"Kulikuwa na watu. Sikutaka kukuumbua mbele yao. Nikasema nitakuuliza tukiwa wawili. Halafu Ijumaa wakakubeba juu, nikakuona unavyocheka. Nikasema basi, acha acheke."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Dada, nakwenda polisi. Nilikuwa njiani. Nimekuja kukwambia kwanza."

"Inuka, watu wanatuangalia. Unasikia? Inuka." Nikainuka. "Daktari amepita asubuhi. Vidole vya kulia havitakunja tena. Chai nimemaliza kuuza. Leseni wataichukua niifanyie nini? Wewe una watoto. Taratibu ana watu wake, na siwezi kumwacha rumande mtu aliyenitoa motoni. Nikikutaja wewe, nimekuzika. Nikinyamaza, nimemzika yeye. Nimejitafuta mimi, nikajiona nipo."

"Hapana, dada."

"Nimeshasema kwa afande. Usinifanye muongo mara mbili." Akavuta pumzi, akasubiri maumivu yapite. Kisha akanitazama vizuri. "Ila nijibu hili moja. Ulinitolea mimi tu, si ndiyo? Kwa kuwa nilikuwa wa kwanza na wewe ulikuwa na haraka. Yale mengine mabati yake uliyaweka?"

Nikafungua mdomo.

Viatu vikarudi. Askari akaingia peke yake.

"Muuguzi anakuja. Sasa tumalize, mama. Mikono yako hairuhusu kalamu, na dole gumba limo ndani ya bandeji. Sheria inaruhusu ndugu wa damu asaini kwa niaba yako, ukiwa umekubali mbele yangu." Akanisogezea karatasi juu ya meza ya dawa, akaweka na kalamu. "Ndugu ni wewe?"

"Ni huyu," dada akasema. "Sina mwingine."

"Vizuri. Jina hapa, uhusiano hapa, sahihi hapa chini. Na ufanye haraka, kaka. Muuza gesi yuko kwenye gari letu pale nje. Ukisaini tu namfungua pingu. Na Bwana Futi anaingoja karatasi hii ofisini. Ikimfikia kabla ya saa nane, kesho alfajiri wale wenzenu kumi na saba wanawasha majiko."

Nikatazama nje ya dirisha. Pale kwenye nyasi walikuwa wanagawana mkate mmoja. Yule aliyenishika bega aliniona, akanipungia mkono, akawaambia wenzake kitu, wote wakageuka wakapunga.

Nikaishika kalamu. Jina nikaandika. Kwenye uhusiano nikaandika: mdogo wake.

"Sahihi," askari akasema, akigonga karatasi kwa kidole.

"Mdogo wangu," dada akasema, na safari hii hakujali kama askari anasikia. "Nimekuuliza. Yale mengine?"